Mkono wa Kipindi cha Kwanza

Ramrati alisukuma chapati mia na ishirini Jumapili ile, na kufikia saa nne asubuhi zilikuwa zimebaki mia na kumi na saba. Tatu zilizopungua alikuwa amezila mzee Bisun, ambaye masikio yake yalikufa zamani, kwa hiyo habari za mechi hazikuwa zimemfikia. Alikuja na sururu yake begani kama kawaida, akakuta uwanja mtupu, akaketi, akala. Sasa alikuwa anatazama barabarani akishangaa walimwengu wamekwenda wapi.

Kila kitu kilikuwa tayari. Mianzi imelazwa kando ya jiko, mabati arobaini yamepangwa, turubai limekunjwa. Beseni la yangona, kinywaji chetu cha mizizi, lilikuwa limeshakorogwa na kifuu cha kunywea kinaelea juu yake. Waliokosekana ni watu.

Kwetu Vunitavola banda la harusi haliitiwi watu. Jumapili moja kabla, wanaume wanakuja wenyewe na majembe yao, wanawake wanafuata na visu vya vitunguu, na jua likizama banda limesimama, la kutosha watu mia nne. Ukiona imefika mahali inabidi uwaite, jua umeshakuwa mgeni kwenye ardhi uliyozaliwa. Mwalimu Gyaneshwar alilijua hilo vizuri, maana tangu aoe hakuwahi kukosa banda la mtu hata moja. Ndiyo maana alikuwa amekaa kibarazani anafuta miwani kwa pindo la shati, anaivaa, anaivua, anaifuta tena.

"Futa tu," mkewe alimwambia. "Ungeifuta jana kabla ya mechi, leo nyumba ingejaa."

"Ramrati."

"Nimesema uongo?"

"Ile ilikuwa penalti. Mkono wa Pranil ulikuwa juu kama mtu anasimamisha basi."

"Mimi siulizi ilikuwa penalti au haikuwa. Nauliza, Ijumaa tunampaka binti yetu manjano, Jumapili wakwe wanashuka na mabasi mawili. Tutawakalisha wapi, kwenye miwa?"

Mwalimu akaivua miwani tena. Ramrati akamwangalia kwa muda, akataka kusema jambo kali, akaona nywele zake zilivyokonda utosini, akamwonea huruma. Akavuta ushungi wake, akatoka kwenda kufuata masufuria.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumamosi ilikuwa fainali ya kombe la vijiji, sisi na Waidrala wa ng'ambo ya mto. Hao tukiwafunga hatulali kwa furaha, na wakitufunga hatulali kwa hasira, kwa hiyo usingizi wa fainali hatuujui. Mwamuzi aliyepangwa akateguka goti akishuka kwenye lori. Mwalimu Gyaneshwar ana beji ya uamuzi mwaka wa ishirini na mbili, na kwa desturi yake hachezeshi mechi za kwao. Lakini watazamaji walishajaa, juu ya malori na juu ya matrekta, na beji nyingine pale uwanjani haikuwepo. Wazee wa pande zote mbili wakamwendea. Waidrala ndio waliokuwa wa kwanza kukubali. Hilo peke yake lingetosha kututia shaka, ila siku hiyo hatukuwa na akili, tulikuwa na ngoma.

Dakika ya thelathini, Sekove, mshambuliaji wetu, akaachia shuti, na beki wa Waidrala akaunawa mpira ndani ya eneo la hatari, mchana kweupe. Mwalimu akapeta, akaashiria mpira uendelee. Dakika ya themanini na nane, mpira ukamgonga mkononi Pranil, beki wetu, ndani ya eneo la hatari vilevile. Filimbi! Penalti. Bao moja kwa bila, na kombe likavuka mto likipigiwa honi.

*

Masufuria makubwa ya harusi ni ya kijiji kizima, lakini yanatunzwa stoo kwa Hari Nand, ambaye nyumba yake na duka lake vinapakana na nyumba ya Mwalimu. Hari Nand ndiye mwenyekiti wa timu, ndiye msimamizi wa kikosi cha kukata miwa, na ndiye anayeuza yangona. Ukikosana naye umekosana na nusu ya maisha. Na huko barazani kwake ndiko walikokuwa wanaume wetu, ishirini na zaidi, wamelizunguka beseni, majembe yao yameegemezwa ukutani.

Maana majembe walikuja nayo. Tusiwaonee. Kila mmoja alitoka kwake asubuhi na jembe lake, akafika kwa Hari Nand, akaona mwenzake amekaa, naye akakaa. Hakuna aliyesema "tusiende". Walikuwa wanasubiri tu mmoja aanze kwenda.

"Mimi sisemi haikuwa penalti," Hari Nand alikuwa anasema, kifuu mkononi. "Nasema mzani uwe mmoja. Mkono ni mkono. Kama wa kwao ni bahati mbaya, na wetu uwe bahati mbaya. Kama wetu ni kosa, wa kwao ukawe nini, baraka?"

"Wa Pranil ulikuwa juu, bwana mkubwa," alisema Sekove.

"Wewe ndiye uliyepiga shuti likanawiwa, halafu wewe ndiye wakili wake?"

"Simtetei. Nasema ulikuwa juu. Pranil mwenyewe huyo hapo, muulizeni."

Pranil, aliyekuwa hajasema neno tangu jana, akainamia magoti yake. "Nilikuwa najikinga uso," alisema.

"Uso wenyewe wa kukinga uko wapi?" mtu akadakia, na baraza zima likacheka, na Pranil akacheka pia maana afadhali kuchekwa kuliko kununiwa.

"Na Waidrala wanasemaje?"

"Wao?" Hari Nand akatoa simu yake, akaisogeza mbali na macho. "Wameandika hapa. 'Mwalimu Gyaneshwar, mwamuzi bora mkoa mzima.' Mwaka juzi hawa hawa si walimwita kipofu? Si walitaka kumtupia baiskeli mtoni?"

"Upofu umepona kwa penalti moja!"

"Dawa ya macho hiyo!"

"Mkuki kwa nguruwe, bwana. Ingekuwa ni wao, leo wangekuwa—"

Ramrati alikuwa amesimama kwenye ngazi. Maneno yakakatika. Mtu akakohoa. Wanaume waliokula kwake mara zisizo na idadi walianza kuangalia vidole vyao vya miguu.

"Nimefuata masufuria, shemeji," alimwambia Hari Nand.

"Ah, masufuria." Hari Nand akajipapasa mifuko. "Ufunguo wa stoo, shemeji, sijui umewekwa wapi. Nadhani mama watoto kaenda nao kwa dada yake."

Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya kichwa chake, na utepe wake mwekundu. Ramrati aliuona. Wote waliona kwamba ameuona.

"Basi akirudi," alisema Ramrati, akashuka ngazi taratibu, mgongo wake umenyooka. Alifika kwenye kona ya ua ndipo akajifuta macho kwa ushungi.

Barazani hakuna aliyecheka tena. Sekove aliweka kifuu chini bila kunywa. "Haya si ya mpira tena," alisema, lakini alisema kwa sauti ndogo, maana Hari Nand ndiye anayepanga timu.

*

Shaleshni, bibi harusi mwenyewe, alikuwa jikoni anakanda unga ambao hakuna aliyeuhitaji. Yeye huuza dawa mjini na si mtu wa kulia ovyo. Alimsikia mama yake akiingia, akausoma uso wake. Akatoka kibarazani na unga wake mikononi, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, ule mkono wa kipindi cha kwanza uliuona?"

"Nilikuwa nimezibwa."

"Na nani? Mimi nilikuwa nyuma ya goli. Kati yako na yule beki palikuwa na nyasi tu."

"Mpira unakwenda kasi, mwanangu. Ukiwa nje unaona mengine."

"Na Darasa la Nane pia ulizibwa?"

Miwani ikasimama kwenye pindo la shati. Mzee Bisun, ambaye hasikii, alimtazama Mwalimu, akamtazama binti, akasogeza kiti chake mbali kidogo.

Miaka kumi na moja ilikuwa imepita na neno hilo halikuwahi kutamkwa katika nyumba ile. Mwaka ule Mwalimu alikuwa anafundisha Darasa la Nane, na bintiye alikuwamo. Kwenye mtihani wa mwisho Shaleshni alipata alama mia nne sabini na moja, Sekove akapata mia nne sitini na nane. Kombe la mwanafunzi wa kwanza lilikuwa moja. Mwalimu alikaa na karatasi zile jioni nzima. Kisha akaipitia upya insha ya bintiye, akakata alama tano kwa ajili ya mwandiko. Siku ya zawadi Sekove akapanda jukwaani, na kijiji kizima kikasema: mnaona mtu huyu? Hana upendeleo hata kwa damu yake. Mwalimu alitembea na sifa hiyo tangu siku ile kama koti jipya.

"Nani alikwambia?" aliuliza.

"Karatasi. Ulifuta moja ukaandika nyingine. Wino haukuwa hata wa rangi ile ile."

"Mwandiko wako ulikuwa..."

"Baba. Kadi mia nne za harusi hii nimeziandika mimi kwa mkono, kwa sababu ulisema hujaona mwandiko mzuri kama wangu."

Mwalimu alitafuta neno la kiualimu, lile analowapa wazazi wanaokuja kulalamika, hakuliona.

"Watu wangesema," alisema mwishowe.

"Na leo hawasemi?"

Shaleshni hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza baba yake zaidi. Alirudi kwenye unga wake. Moyoni hakutaka kumshinda baba yake. Alitaka tu, kabla hajatoka nyumba hii kwenda kuwa mtoto wa watu wengine, asikie mara moja kwamba alikuwa wa kwanza.

*

Saa tisa alasiri lori likaingia uani kwa Mwalimu likipeperusha bendera ya kijani. Bendera ya Waidrala! Wakashuka wanaume kumi na wawili, wakashusha nguzo, mianzi, na masufuria matatu makubwa. Wa mwisho kushuka alikuwa mzee Taiyab, meneja wa timu yao, kofia nyeupe kichwani, ndevu zimechanwa, mkononi ameshika mzizi wa yangona uliofungwa kwa gazeti na utepe wa kijani.

Wakaketi kwenye mkeka. Mzee Taiyab akauweka ule mzizi mbele ya Mwalimu.

"Mwalimu," alisema, "tumesikia watu wako wamekususa kwa kosa la kusema kweli. Sisi ni majirani, mto tu ndio umetutenga. Banda tutalijenga sisi. Na hii yangona ni asante yetu."

Ewe mwenzangu, kama hukulelewa huku hutauona mtego huo. Yangona ikishawekwa chini haikataliwi. Unapiga makofi matatu, umepokea, yamekwisha. Kumrudishia mtu, tena mzee, tena aliyekuja na nguzo zake kukusitiri, ni sawa na kumtemea mate. Lakini kupokea asante ya penalti! Kesho yake nani angesema Mwalimu hakununuliwa? Mikono yake ilibaki imesimama hewani, haijapigana wala haijashuka.

Ramrati aliyaona yote hayo kutoka dirisha la jikoni. Yeye hakusomea uamuzi, lakini alilelewa na kaka saba. Alitoka mlango wa nyuma mpaka kwenye ua, ambapo mke wa Hari Nand, yule aliyekuwa eti kwa dada yake, alikuwa anaanua nguo.

"Mama Ashnil!" aliita kwa sauti ya kufika barazani na kuzidi. "Karibu kutoka safari! Mwambie shemeji asihangaike kutafuta ufunguo! Wageni wetu wa Waidrala wamekuja na masufuria yao! Na nguzo zao! Banda wanajenga wao!"

Hazikupita dakika tano. Tulitoka kwa Hari Nand kwa mkupuo, majembe mabegani, yangona ikimwagika, Pranil akiwa mbele kabisa kama mtu aliyepata nafasi ya kujisafisha. Hari Nand alikuja na kandambili ya mguu mmoja.

"Hakuna mtu wa Waidrala atakayechimba shimo Vunitavola!" alisema.

"Mmekuja?" mzee Taiyab aliuliza kwa upole, bila kuinuka. "Nilidhani mko matangani. Kombe mmeshindwa, nikasema labda na banda mmeshindwa."

"Kombe mlibebwa!"

"Kwa penalti halali?"

"Halali yako wewe! Mzee Taiyab, wewe ni mtu mzima, mtu wa kuswali. Nikuulize mbele ya watu hawa. Ule mkono wa beki wenu, kipindi cha kwanza, ulikuwa mkono au haukuwa?"

Mzee Taiyab akachezea ndevu. Vijana wake walikuwa wanamtazama kwa wasiwasi, wanamwomba kwa macho akane. Lakini alikuwa ameshinda kombe, tumbo lake lilikuwa limeshiba, na mtu aliyeshiba husema kweli kwa urahisi.

"Mkono?" alisema. "Ile ilikuwa mikono miwili. Yule ni mpwa wangu. Angekuwa kipa tungemchinjia mbuzi."

Ukazuka mlipuko. Wetu walipiga kelele kana kwamba bao limerudishwa, wa Waidrala nao wakapiga kelele kumzuia mzee asiendelee. Mtu akaangusha bati.

"Kwa hiyo mnakiri mlibebwa!"

"Kubebwa ni pale usipojua. Sisi tulijua." Mzee Taiyab sasa alikuwa amenogewa na maneno yake mwenyewe. "Mnadhani kwa nini tulikuwa wa kwanza kumkubali Mwalimu? Niliwaambia vijana wangu chezeni mnavyotaka, huyu bwana hawezi kuwapa watu wake penalti hata mshambuliaji wao akabwe koo. Anaogopa kusemwa. Ng'ambo kule kila mtu anajua, hata watoto."

Watu wote, wetu na wao, wakamgeukia Mwalimu. Mzee Taiyab akaona alichokifanya, akashusha sauti. "Sikusema kwa ubaya, Mwalimu. Nilikuwa nakusifu."

Mwalimu akaivua miwani, akaiweka mfukoni. Bila miwani sisi wote tulikuwa ukungu kwake, na pengine ndivyo alivyotaka.

"Niliuona," alisema.



"Filimbi ilikuwa mdomoni. Nikajiambia, nikipuliza watasema Gyaneshwar kawapa ndugu zake. Nikapeta." Akamgeukia mwenyekiti. "Hari Nand, umesema kweli tangu asubuhi. Mzani haukuwa mmoja."

Kisha akapiga magoti mbele ya mzee Taiyab, akauvuta ule mzizi wa utepe wa kijani, akapiga makofi matatu. "Naipokea hii kama yangona ya harusi, kutoka kwa jirani. Asante ya penalti siipokei. Penalti ilikuwa haki yenu, na haki haina asante."

"Maneno mazuri," alisema mzee Taiyab, naye akapiga makofi.

Mwalimu akaingia ndani. Akatoka na mzizi mwingine, mkubwa, ule aliokuwa amemwekea baba wa bwana harusi, akauweka chini mbele ya Hari Nand, akainama.

"Nimekosa," alisema. "Si dakika ya themanini na nane. Ile ningeipuliza tena kesho, Pranil anisamehe. Kosa langu ni lile la kipindi cha kwanza. Niliwanyima chenu kwa sababu ni chenu. Naomba radhi."

Hapo sasa. Makofi matatu yangemaliza kila kitu. Yasipopigwa, Mwalimu angeondoka na mzizi wake na harusi ingehamia mjini. Hari Nand alitazama mzizi. Moyo wake ulishalainika tangu Ramrati aliposhuka zile ngazi, lakini alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti hapendi kuonekana analainika upesi. Akavuta pumzi. Akaangalia mbali. Akahesabu moyoni mpaka kumi, akafika sita.

Pa! Pa! Pa!

Alikuwa mzee Bisun. Hakuwa amesikia neno hata moja tangu asubuhi. Aliona yangona imewekwa chini na watu wamezubaa, akafikiri wamesahau adabu, akapiga makofi kwa niaba ya kijiji, makubwa, ya viganja vya kukatia miwa. Kisha akatuangalia kwa kutulaumu.

Hari Nand alijaribu kukaza uso. Midomo ikamcheza, mabega yakaanza kutikisika, akaangua kicheko mpaka akashika tumbo. "Mzee kashapokea!" alisema. "Nifanye nini mimi? Kashapokea!" Akapiga makofi yake, nasi sote tukapiga, na kwa haraka haraka akachomoa kitu mfukoni akamwendea Ramrati aliyekuwa mlangoni. Ulikuwa ufunguo wenye utepe mwekundu.

"Umepatikana, shemeji."

"Ulikuwa wapi?"

"Palepale," Hari Nand alisema, na masikio yakamwiva.

"Haya, nendeni mkachimbe," Ramrati alisema. "Chapati zinapoa mara ya tatu."

*

Tukagawana banda. Waidrala upande wa mto, sisi upande wa barabara, tukutane katikati. Kazi ilikwenda kwa matusi ya kirafiki, kila shimo mashindano, kila nguzo bao. Saa kumi na moja mapaa mawili yakakutana, na palepale yakakataa kukutana. Moja lilikuwa juu ya jingine kwa shubiri nzima.

"Nyinyi mmezidisha!"

"Nyinyi mmepunguza! Pimeni!"

"Apime nani? Wewe kamba yako umeileta na lori lako!"

"Mwamuzi!" aliita mzee Taiyab. "Mwalimu, njoo utuamue!"

Tukacheka, lakini Mwalimu alikuja. Akavaa miwani. Akasimama katikati, akafumba jicho moja, akapima kwa kamba yetu, akapima kwa kamba yao. Alirudia mara mbili. Tulimjua, tulishaanza kukunja nyuso kupokea hukumu.

"Waidrala mmekosea," alisema. "Vunitavola wako sawa."

Loo! Ungesikia kelele hizo ungesema tumelirudisha kombe. Pranil aliikumbatia nguzo. Mzee Taiyab alitupa kofia yake chini akalia, "Refa! Refa huyu kanunuliwa!" huku anacheka mpaka machozi, na vijana wake wakashuka kukata nguzo zao, maana kweli walikuwa wamekosea.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anamtazama bintiye, aliyetoka jikoni kuona kelele ni za nini. Akainua mkono. Tukanyamaza, kwa mazoea ya darasani; wengi wetu alitufundisha yeye.

"Kuna mkono mwingine," alisema, "nilioupeta. Darasa la Nane, mwaka wako wewe Sekove."

Akasimulia. Alitaja alama, mia nne sabini na moja kwa mia nne sitini na nane. Alitaja wino. Ramrati aliweka mwiko chini na kukaa juu ya sufuria tupu lililopinduliwa, maana hata yeye hakuwahi kujua. Mwalimu alipomaliza, Sekove alikuwa juu ya paa na misumari mdomoni. Akaitema moja moja kiganjani.

"Kwa hiyo lile kombe langu, Mwalimu?"

"Lilikuwa la Shaleshni."

Sekove akashuka ngazi, akavuka barabara kuelekea kwao. Tukaangaliana. Shaleshni akasema, "Baba, sasa mbona umemwaibisha mwenzangu?" na Mwalimu akaonekana kama mtu aliyeruka shimo akatua kwenye jingine.

Lakini Sekove alirudi. Mbele yake alikuwa mama yake, mama Losalini, mwanamke mkubwa asiyependa kukimbia, na alikuwa anakimbia, kitu kimefungwa kwa taulo kifuani. Akalifungua mbele ya watu. Kikombe kidogo cha bati, kimesuguliwa kikang'aa.

"Mwaka wa kumi na moja huu namfutia vumbi mtoto wa mwenzangu!" alisema kwa kuhema. "Ungeniambia mapema, Mwalimu, ningepumzika. Shaleshni, njoo uchukue mzigo wako."

"Mama, kaa nacho," Shaleshni alisema. "Kimezoea kwako."

"Nikae nacho nikifanyie nini? Huyu amepata mengine sita ya mpira, sina pa kuweka sahani."

Sekove akacheka. "Mimi nilijua tu," alisema. "Hesabu zote nilikuwa natazamia kwake."

Shaleshni hakukipokea kutoka kwa mama Losalini. Akamtazama baba yake. Mwalimu akaelewa. Akakichukua kile kikombe, akafunga kifungo cha juu cha shati, akasimama wima kwenye udongo uliochimbwa kama vile kuna jukwaa, na kwa sauti ile ya siku ya zawadi tunayoijua sote akatangaza:

"Darasa la Nane. Mwanafunzi wa kwanza." Sauti ikamkatika, akaianza upya. "Wa kwanza. Shaleshni Devi. Binti yangu."

Tulipiga makofi matatu, Waidrala na Vunitavola pamoja, na mzee Bisun la nne. Kutoka juu ya paa Hari Nand aliita, "Mwamuzi! Hapo umeongeza dakika ngapi?"

"Miaka kumi na moja," Mwalimu alijibu, machozi yanamshuka ndani ya miwani, na safari hii hakuifuta. Akamnyooshea bintiye mkono, kama anavyowapa wanafunzi wote. Shaleshni alikuwa na unga mpaka viwikoni. Akampa hivyo hivyo.